Mkwe Hagusi

Siku ya kuniaga pale kituoni walinipa soda, saa ya ukutani na hotuba. Hotuba ilisomwa na mkurugenzi ambaye tangu aje hajawahi kuingia hata nyumba moja ya mgonjwa, na ilisema nimekuwa nguzo. Saa ilisimama juma hilohilo. Kisha wawili kati yenu, ninyi mnaobaki na mfuko mgongoni, mkanifuata hadi njia ya Kataki mkasema, "Mama Kine, utuandikie. Yote yenye uliona." Nikakubali, nikidhani nitaandika mambo mazuri. Sasa nimekaa mezani na mazuri hayaji kwa wingi, kwa hiyo nitaandika yanayokuja.

Ya vyeo sitayataja, na mishahara haina hadithi. Jina la Mama Kine nilipewa na watu wa mitaani, maana jina la Kifaransa la kazi yetu, kinésithérapeute, ni refu na hakuna aliyekuwa na subira ya kulimaliza. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unaingia nyumbani kwa mtu aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, au mtu ambaye ugonjwa wa Parkinson umemkaza viungo na kumtetemesha mikono, unawafundisha watu wa nyumba ile namna ya kuishi naye ili asiozee kitandani. Hospitali inamrudisha kwake na karatasi ya dawa. Sisi tunaanzia pale karatasi inapoishia.

Siku yangu ya kwanza nilipewa kumfuata Mama Alphonsine, muuguzi aliyeianza kazi hii mjini kwetu Kalemie kabla haijawa na jina. Alikuwa mfupi, mnene, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake. Tulikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kamkolobondo aliyepooza mkono wa kuume. Alikuwa anahangaika kuvaa shati. Mimi, mtoto wa watu wenye adabu, nikaruka kumsaidia. Mama Alphonsine akanipiga kofi mkononi mbele ya familia nzima.

"Unamwibia," akaniambia.

"Namwibia nini, Mama?"

"Mukono wake wenye unabakia. Kaa chini."

Tukakaa. Mzee alipambana na shati lile mpaka jasho likamtoka, na sisi wawili tunamtazama mikono mapajani. Mke wake alitutazama kwa macho ambayo bado ninayakumbuka. Aliona tumekuja kumdhalilisha mumewe. Kifungo cha mwisho kilipoingia, mzee akacheka peke yake. Mkewe hakucheka. Tulipotoka nilimsikia anamwambia jirani kwamba wale wamama wa kituo ni wavivu.

Hilo ndilo nililokutana nalo kazi yangu yote, na ninyi mtakutana nalo. Kwetu mgonjwa anapendwa kwa kufanyiwa kila kitu. Analishwa, anaoshwa, anageuzwa, anajibiwa hata salamu. Bibi mwema ni yule ambaye mume wake hainui hata kikombe. Baada ya mwaka mmoja wa mapendo ya namna hiyo, mkono uliokuwa mzima nao umekufa, na watu wanasema ugonjwa umepanda. Nilieleza jambo hili katika nyumba nyingi hata sauti ikanikauka. Walinikaribisha bukari, ugali wetu, na samaki wa mikebuka, wakaitikia ndiyo, na nikifika kona ya barabara kijiko kimekwisha kurudi mdomoni mwa mgonjwa.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Kitenge cha kumfunga mgonjwa kiunoni ili ushike kitambaa, usimvute mkono uliolegea. Bega la mtu aliyepooza linachomoka kirahisi, na likichomoka halina msamaha. Mti wa fagio. Kiti cha mbao kilichokatwa shimo katikati, ndoo chini yake. Uji mzito, kwa sababu anayeshindwa kumeza hupaliwa na maji kabla hajapaliwa na chakula. Kuna wakati wafadhili walileta viti vya magurudumu, vizuri kweli, vyenye magurudumu madogo. Kwenye mchanga wa avenue zetu za mitaani vilizama siku ya kwanza, lakini picha zilikuwa zimekwisha kupigwa. Kimoja nilikiona baadaye sokoni kimebeba mihogo.

Mti wa fagio nilifundishwa kuutumia nyumbani kwa Papa Donati, mstaafu wa reli aliyekuwa na Parkinson. Alitembea vizuri uani, lakini akifika mlangoni miguu inaganda, hawezi kwenda mbele wala kurudi, na wajukuu wanapanga foleni nyuma yake wakisubiri kupita. Mama Alphonsine alilaza mti wa fagio chini mbele ya vidole vyake, akamwambia auruke. Papa Donati akainua mguu, akavuka mti, akavuka na kizingiti, akaingia sebuleni kwake kama mkubwa wa gare siku ya treni. Sijawahi kufurahi kazini namna ile. Dawa zake zilitoka Kigoma kwa boti, au Lubumbashi kwa ndege, zikikosa kufika anakauka. Basi mchungaji wa jirani akawaambia watu wa nyumba ile kwamba mzee amefungwa na roho, aache vidonge wakati wa maombi ili ionekane nani ameponya. Aliviacha. Hakuinuka tena. Nilikwenda kumwona mchungaji huyo. Alinipokea vizuri sana, akaniombea na mimi.

Mama Alphonsine alistaafu akarudi kwao Kongolo, nikabaki na njia zake zote. Hapo ndipo nilipompata Mama Numbi, na kama mngeniambia niandike jambo moja tu, ningeandika hili.

Mama Numbi alikuwa mjane wa Kabalo, mkulima, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mihogo maisha yake yote. Kiharusi kilimwangusha shambani. Upande wa kuume ulikufa, na maneno yakawa yanatoka polepole, moja moja, lakini yalitoka na yalikuwa na akili. Alikuwa na binti mmoja tu, Mama Elodi, aliyeolewa hapa Kalemie, na huyu ndiye aliyempandisha treni akamleta kwake. Nilipomfikia mara ya kwanza nilimkagua, nikamwuliza anataka nini. Wagonjwa wengi husema wanataka kupona. Yeye alisema:

"Sitaki… kujinyea… ndani ya matandiko ya mutoto wangu."

Nikamwambia hilo linawezekana. Ilikuwa kweli. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu, kiuno kilishika. Alihitaji mtu wa kumwinua asubuhi, mchana na jioni, amsimamishe, amsindikize hadi kwenye kiti cha shimo, na siku zikienda, hadi uani. Bila kuinuliwa hivyo, mgongo ungeoza. Sikumficha, nilimwambia hata habari ya vidonda. Aliitikia kwa kichwa.

Shida ilikuwa mikono. Mama Elodi alikuwa mwembamba, tena mchuuzi, anakwenda Moba kwa boti kununua mahindi na kukaa huko siku kadhaa, kwa sababu nyumba ile ililishwa na safari hizo. Watoto walikuwa wasichana wadogo. Aliyebaki nyumbani kila siku ni mume wake, Papa Elodi, mpakizi wa bandarini. Ziwa lilikuwa limepanda, maji yameingia bandarini, kazi zimesimama, na mwanaume yule aliyezoea kubeba magunia ya simenti kutwa alikuwa anakaa barazani akitengeneza nyavu za watu. Mikono yake ilikuwa kama miguu ya watu wengine. Na hakuruhusiwa kumgusa mama mkwe wake.

Kwa ninyi mliozaliwa mjini, mnaocheka mambo haya: kwa watu wa kwao mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono. Haingii chumba anacholala, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni. Wakikutana njiani yeye anaingia majanini mama apite. Si chuki, ni heshima, na inawabana wote wawili. Tangu Mama Numbi afike, Papa Elodi alilala barazani. Alikula kwa jirani. Akitaka shati lake lililomo ndani, alimtuma mtoto. Mama Numbi naye, akisikia kikohozi chake uani, alitafuta kitambaa cha kichwa kwa mkono wake mmoja, akikosa alijifunika uso kwa shuka.

Siku moja nilifika mchana, Mama Elodi yuko Moba. Papa Elodi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, amegeuza mgongo, uso wake ukutani, machozi yanamtoka. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kubembeleza.

"Mama, uvumilie. Mama Kine anakuya. Anakuya sasa hivi."

Mama Numbi alikuwa chini, kati ya kitanda na ndoo, ameangukia mkono uliokufa, katika mkojo wake. Alianguka asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, majirani wote walikuwa kanisani, watoto pia. Mkwe wake alikuwa amekimbia avenue nzima akigonga milango, hakupata mwanamke, akarudi kusimama pale na kuuongelesha ukuta, mama asije akadhani ameachwa peke yake.

Nilimwinua, nikamwosha, nikampaka mafuta. Kisha nikatoka nje na hasira yangu yote.

"Papa Elodi, mikono hii inainua simenti."

"Njo vile, Mama Kine."

"Na mama analala ku sakafu toka asubuhi!"

"Unataka nifanye nini?" akasema. "Nikimugusa, njo namuvua nguo mbele ya watu. Mi na bibi yangu tunaachana. Yeye mwenyewe atakufa na haya. Muulize, kama nasema uongo."

Nilimwuliza. Mama Numbi alifumba macho akasema, "Hasemi uongo." Nilikaa kwenye jiwe la uani nikitukana kimoyomoyo, na sikujua ninamtukana nani.

Mama Elodi aliporudi tulifanya kikao. Nyumba ile haikuwa na nafasi ya kikao, kwa hiyo Mama Numbi alikaa ndani kitandani, mkwe alikaa nje chini ya dirisha, na binti alisimama mlangoni akipitisha maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Ndipo nilipojifunza kwamba desturi yao ina mlango. Mkwe akitaka kupunguziwa haya, analeta kuku na kitenge kipya. Mama mkwe akipokea, anaruhusu kitu fulani kilichotajwa, na kile tu. Papa Elodi alileta kitenge na kuku siku hiyohiyo, jike la madoadoa. Mama Numbi alilipokea kwa mkono wa kushoto, akalikumbatia kifuani, lile linapiga kelele. Akataja ruhusa yake.

"Asinishike… na mikono. Ashike… kitu."

Kitenge cha kiunoni ndicho kilichokuwa chombo changu, lakini nilipokitoa wote wawili walishtuka; mkwe kushika nguo ya mama mkwe ni vibaya kuliko kumshika yeye. Papa Elodi akawaza kidogo, akaondoka, akarudi na mkanda wa bandarini, ule mpana wa kufungia mizigo. Alikaa barazani akaukata, akaushona kwa sindano ya nyavu, akauwekea vishikio viwili nyuma. Mama Elodi alimvalisha mama yake juu ya nguo. Mkwe akaingia kinyumenyume mpaka akafika nyuma yake, akashika vishikio huku ameangalia darini, akavuta.

Mama Numbi alisimama. Mimi nilikuwa mbele yake, mikono yangu haikuwa na kazi.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwao kutazama tu. Asubuhi Mama Elodi au jirani anamfunga mkanda, mkwe anaingia kimya, anainua, wanakwenda. Kwanza hadi kiti cha shimo. Pale mkwe anatoka mbio na mtoto anashika kazi. Kisha hadi mlangoni, kisha uani, kwenye benchi. Mama Numbi akianza kuyumba kushoto, Papa Elodi alijua kabla yangu. Hawakusemeshana hata mara moja. Mama akitaka kukaa, alikohoa. Matandiko yalikuwa yanaanikwa makavu, hayana mkojo, na yeye alikuwa anayatazama pale kwenye kamba na kuridhika. Alianza kuchambua mboga za lengalenga kwa mkono mmoja, kuwakaripia wajukuu, kunikaripia mimi nikichelewa. Mgongo wake ulikuwa laini, hauna hata alama. Nakiri nilijisifu mitaani. Nilisema kama ningepata wakwe wengine kama yule, ningestaafu mapema.

Kosa lilikuwa limefanyika mapema, na halikufanywa na mimi wala sikuwa na namna ya kulijua. Kuku wa haya hapokelewi na mama mkwe peke yake. Kuku anapelekwa kwa kaka zake mama, wao ndio wanaomla, na kumla kwao ndiko kunakofungua mlango. Mama Elodi alijua. Mama Numbi alijua kuliko wote. Lakini kaka alikuwa Kabalo, treni ilikuwa haijulikani inakuja lini, na mama alikuwa anaanguka sasa. Wakasema watamwambia mjomba akija. Kuku akabaki uani anataga.

Mjomba alikuja. Anaitwa Papa Mukalay, mdogo wake Mama Numbi, mtu wa kanisa, msafi, mpole wa kuongea. Alishuka kwenye treni bila kutuma habari, akaingia uani asubuhi, na alichokiona ni dada yake amefungwa mkanda wa mizigo na mkwe amemshika kwa nyuma, wanapita uani mbele ya macho ya jirani. Alikaa kwenye benchi. Hakupiga kelele. Mimi nilifika wakati wamekwisha kumrudisha mama ndani, na nilisikia swali lake la kwanza.

"Kuku ilikuliwa na nani?"

Kuku mwenyewe alikuwa anapekua karibu na viatu vyake.

"Basi haikuliwa," akasema. "Basi huyu anamuchunga dada yangu kama mbuzi, na ruhusa ya nani?"

"Yangu," Mama Numbi akasema kutoka ndani.

Nilieleza. Nilieleza kila kitu, kuanguka, sakafu, mkojo, mgongo, vidonda. Nilimwomba amle kuku yule hata leo, nitampika mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma: angenifukuza, ningejua nimepigana na mtu.

"Mama Kine, tunakushukuru sana kwa kazi," akaniambia. "Wewe ni wa dawa. Haya ni ya ukoo. Kule Kabalo kuna wadada, kuna wajukuu wanawake. Watamuhudumia na heshima."

"Watamwinua?"

"Atapumzika. Amefanya kazi sana huyu. Hatainua hata kikombe."

Mama Elodi alipiga magoti. Papa Elodi alikuwa nje ya ua kabisa, upande wa barabara, kwa sababu mbele ya mjomba hakuwa na haki hata ya kusogea. Papa Mukalay akaingia chumbani, akamwambia dada yake kwamba wanarudi nyumbani. Mama Numbi akamtazama, akakusanya maneno yake, akayasema moja moja, wazi kabisa, wote tuliyasikia.

"Mimi… nabakia… hapa. Hapa… natembea."

Papa Mukalay akatugeukia kwa huruma. "Si yeye," akasema. "Ni ugonjwa njo unasema."

Nilikwenda kituoni kutafuta nguvu. Wakubwa wangu wakaniambia hatuingilii mambo ya familia, kituo kina uhusiano mzuri na jamii. Nilirudi na kanuni hiyo mkononi kama mtu aliyetumwa maji akarudi na bakuli tupu. Nikamfundisha Papa Mukalay kugeuza mgonjwa kitandani, kuangalia visigino na mgongo, kumkalisha wakati wa kula. Aliitikia. Alinishukuru tena.

Siku ya treni wanawake wa avenue walimbeba Mama Numbi katika blanketi, mmoja kila pembe na wawili katikati, wanahema, wanamgongesha kwenye ngazi ya behewa. Mara mbili nusura aanguke. Papa Elodi alisimama ng'ambo ya reli, mbali, mikono imening'inia. Aliona yote. Mama Numbi aliwekwa kwenye godoro kati ya mizigo ya watu, akafunikwa vizuri mpaka kidevuni, na mkono wake mmoja nao wakaufunika.

Habari za Kabalo zilikuja na wasafiri. Anahudumiwa vizuri mno, walisema, halii, hasumbui, analishwa na kijiko. Baadaye wakasema haongei tena. Baadaye wakasema chumba kina harufu, wanachoma ubani. Niliomba ruhusa niende. Gari la kituo halikuwa la kwenda Kabalo, na njia ilisemwa haina usalama. Mama Elodi alifunga safari mwenyewe. Alipofunua mgongo wa mama yake aliona mfupa. Aliniambia hilo jikoni kwangu.

Mama Numbi alikufa kabla ya mvua.

Mnaniuliza kila mara mimi nina hasira na nani. Na wafadhili wa vile viti, waliofunga mradi wao kwa barua ya mistari michache, ndiyo. Na mchungaji, na mkurugenzi, na wapiga picha. Lakini hao niliweza kuwacheka. Papa Mukalay siwezi kumcheka, maana alimpenda dada yake, alilia msiba wote, walionieleza walisema alitia huruma. Alimuua kwa adabu na hajui, na hakuna neno nililo nalo ambalo lingemfanya ajue. Ninyi mtakaoingia katika nyumba hizo, fundisheni kuvaa shati, fundisheni mti wa fagio, na kabla ya yote ulizeni mjomba yuko wapi na anakula nini. Sikuwa na mtu wa kuniambia hilo.

Papa Elodi alinijia baada ya msiba. Alisimama mlangoni, nikamvuta kiti akakaa, mikono yake ikakosa mahali. Nikampa pole. Nikamwuliza kama walimruhusu hata kukaribia kaburi, baada ya yale yote.

"Kukaribia?" akasema. "Mama Kine, nilifika tu ku gare, Papa Mukalay mwenyewe alikuya kunipokea. Akanishika mukono mbele ya watu wote. Akasema, 'Mukwe, tulikuwa tunakungojea weye.' Kwetu jeneza la mama mukwe linabebwa na mukwe. Njo kazi yake. Wengine hawaruhusiwi kutangulia."

"Ukalibeba?"

"Nilibeba. Mbele, peke yangu, wengine wanne nyuma. Toka nyumba mpaka ku kaburi, na bibi zote wanaimba, wananisifu nguvu."

Alitazama viganja vyake.

"Hakukuwa kitu ndani, Mama Kine. Alikuwa mwepesi sana. Yule mama wa pale kwangu alikuwa muzito, nilikuwa namusikia ndani ya mukanda, muzito wa muntu muzima. Huyu, nilikuwa nabeba mbao tu."